Mwanangu, kuhusu kile kisanduku cha kundi la wanawake

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama ujaze kile kisanduku cha kundi la wanawake kwenye fomu ya mashindano ya taifa ya kulenga shabaha kwa bastola, au ukiache wazi ushindane kama mtu yeyote. Unasema mwenzako mmoja wa mazoezini anadai kikombe cha wanawake ni cha kuhurumiwa, na mwingine anadai kukikataa ni kujiona. Nianze na lililo jepesi. Kisanduku hicho hakikutoi kwenye orodha kuu. Ukijiandikisha divisheni ya Production, ile ya bastola za kawaida za kiwandani, unapimwa na wote wa Production, wake kwa waume, kisha matokeo yaleyale yanachambuliwa upya ili kuwapanga wanawake peke yao. Ukijaza au usipojaza, hakuna mwanamume utakayemkwepa. Na wanawake wa divisheni yako wasipotimia watano, kundi lenyewe halitambuliwi, na mjadala wenu wote umekwisha.

Hilo ndilo jibu la fomu. Lakini mimi nimekuzaa, najua fomu siyo inayokukosesha usingizi. Unataka kujua nani ana haki ya kusema wewe ni mlengaji wa kiwango gani.

Karatasi haimjui aliyeipiga. Nimekuambia hivyo tangu ulipokuwa mdogo, unanifuata nyuma kubandika viraka kwenye matundu ya shabaha zangu, na nitaendelea kukuambia. Kwenye mchezo huu hatukupunguziwa kitu. Umbali ni uleule, kuta ni zilezile, saa ni ileile. Hata kwenye kipimo cha nguvu ya risasi, wanachukua risasi zako kama wanavyochukua za wengine, wanapima uzito wa kichwa cha risasi kwa greni na kasi yake kwa futi kwa sekunde, wanazidisha, wanagawa kwa 1,000, na usipofika 125 alama zako hazihesabiwi. Hakuna 125 ya wanawake na 125 ya wanaume. Kwa hiyo anayekwambia kikombe chetu ni cha huruma, muulize ni wapi tulipohurumiwa.

Sasa nikueleze la ile steji, lile zoezi moja kati ya mengi ya mashindano, kwa sababu wewe unaijua nusu tu, ile nusu ambayo baba yako hupenda kuwasimulia wageni.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika ngazi ya taifa. Wewe ulibaki kwa shangazi yako, na maneno aliyoyasema wiki ile unayajua, sina haja ya kuyarudia. Katika kikosi tulichopangiwa mwanamke nilikuwa peke yangu. Wenzangu hawakuwa watu wabaya. Walinisaidia kubandika viraka, walinigawia maji. Kilichonichoma kilikuwa kidogo mno, ndiyo maana hakikusemeka. Kila nilipoitwa mstarini, mmoja wao, mtu mwenye jina kubwa kwenye mchezo, alinisogelea akasema kwa upole kabisa, "Wewe piga taratibu tu, mama. Usalama kwanza." Wanaume aliwaambia, "Twende!"

Usalama ni wa wote. Mtutu ukivuka nyuzi 90, bastola ikikuponyoka, kidole kikikutwa kwenye kifyatulio wakati unabadilisha magazini, unaondolewa mashindanoni palepale, uwe bingwa au mgeni. Siku ile ya kwanza kikosi chetu kilimpoteza mtu mmoja kwa kosa la pembe ya mtutu. Alikuwa mwanamume, na sikumsikia yeyote akimwambia kabla ya hapo apige taratibu.

Basi, siku ya pili tukafika kwenye steji yenyewe. Ilikuwa ya risasi 24: shabaha za karatasi 10, kila moja risasi mbili, na vyuma vinne ambavyo lazima vianguke ndipo vihesabiwe. Katikati palikuwa na ukuta wenye dirisha la chini. Tukapewa dakika zetu za ukaguzi, kila mtu anatembea na bastola ya vidole hewani, unajua tunavyokuwa. Wale warefu wote wakakubaliana: piga goti dirishani, angusha vyuma, inuka, kimbilia kona ya kushoto umalize karatasi mbili zilizojificha nyuma ya mapipa.

Mimi nikafika dirishani nikaona goti silihitaji. Nikikunja miguu kidogo tu, jicho langu linakuwa sawasawa na dirisha. Nikisogea nusu hatua kulia, zile karatasi mbili za kona zinaonekana kutoka palepale, kati ya pipa na pipa, wazi kabisa. Aliyepiga goti pipa lilimziba. Aliyesimama ukuta ulimziba. Nikarudi mwanzo, nikaupanga upya mwendo wangu wote: magazini nibadilishe njiani kuelekea dirishani, nikifika niwe na risasi za kutosha vyuma na zile karatasi mbili, nisikimbilie kona yoyote. Sikumwambia mtu.

Afisa wa uwanja alikuwa mzee mkavu, asiyetabasamu. Akasema, "Jaza, jiandae." Akasubiri. "Uko tayari?" Nikanyamaza, maana ukinyamaza ndiyo umeshajibu. "Subiri." Kisha mlio. Maneno yaleyale, kwa sauti ileile aliyotumia kwa yule mwenye jina kubwa, hakuongeza "mama" wala hakupunguza. Nilimpenda mzee yule kwa hilo na nampenda mpaka leo.

Karatasi ina maeneo matatu: Alfa ya katikati, kisha Charli, kisha Delta ya pembeni. Nilipiga Alfa na chuma 20, na Charli 4. Production wote tunahesabiwa kwa kipimo cha chini: Alfa au chuma alama 5, Charli 3, Delta 1, na ukikosa unakatwa 10. Kwa hiyo nilikuwa na alama 112, kwa sekunde 15.80. Gawa alama kwa sekunde, unapata 7.09, na anayepata kubwa ndiye anayeshinda. Yule bwana wa taratibu-mama alikimbia kweli, alimaliza kwa 14.50, lakini alipiga Charli 6 na karatasi moja akaikosa risasi. Ukijumlisha na kukata anabaki na 93, ukigawa ni 6.41. Najua umechoka kunisikia nikizitaja hizi hesabu. Zisikilize tena, kwa sababu wewe una haraka ya mkono kama babu yako, na haraka ile ilimgharimu bwana yule alama 15 kwa risasi moja: tano alizozikosa na kumi alizokatwa.

Alinipa mkono. Nilidhani atasema hongera. Akasema, "Dirisha limekubeba leo."

Kanuni zinamtaka anayebuni steji azingatie kuwa washindani wanatofautiana kimo na umbile. Jana yake palikuwa na dirisha la juu, nikapiga risasi zangu nimesimama kwa ncha za vidole, nikapoteza muda na alama, na hakuna aliyenijia kusema dirisha limeniangusha. Likiwa juu, mimi ni mfupi. Likiwa chini, nimebebwa. Sikumjibu, nilikuwa najaza magazini kwa steji iliyofuata na mikono ilikuwa inatetemeka.

Orodha ilipobandikwa, kwenye steji ile nilikuwa wa tatu kati ya wote wa Production. Wa tatu, mwanangu, wala si wa tatu kati ya wanawake. Nilisoma ule mstari mpaka baba yako akanivuta tuondoke.

Jioni wakagawa vikombe. Steji haina kikombe. Wakaniita kwa cha wanawake, nilikuwa wa kwanza, na mwenye kipaza sauti akasema, "Mpigieni makofi mama yetu! Leo mzee nyumbani atakuwa na adabu!" Ukumbi ukacheka. Nimepiga picha na kile kikombe unachokiona kabatini, na ukiitazama vizuri utaona sicheki. Baba yako naye hakucheka. Alikuja akanibebea ile karatasi ya matokeo ya steji, ndiyo ile aliyoiweka kwenye fremu, si cheti. Sasa unajua kwa nini.

Kwa miaka mingi baada ya pale nilishikilia kwamba kundi la wanawake ndilo lililonifanya kichekesho. Lisingekuwepo, nisingeitwa "mama yetu". Ningeorodheshwa tu nilipostahili, na mtu asiyetaka kuiona nafasi yangu angelazimika kuisoma kwa vidole vyake mwenyewe. Karatasi haimjui aliyeipiga, basi na orodha isimjue.

Lakini kuna ile picha ya kale juu ya meza yetu ya zana, ya walengaji wawili Wamarekani, Margaret Murdock na Lanny Bassham, Montreal, 1976. Olimpiki ile bunduki ndogo ya mikao mitatu ilikuwa wazi kwa wote. Walimaliza sawa, alama 1,162 kila mmoja, kisha dhahabu ikapewa Bassham kwa kanuni ya kuamua sare, na wakati wimbo wa taifa unapigwa yeye akamvuta Murdock wakasimama wote kwenye ngazi ya juu. Ikafika 1984, Los Angeles, wanawake wakaanza kupewa matukio yao ya kulenga shabaha. Unaweza kusema ni heshima. Halafu mtazame Zhang Shan wa Uchina. Barcelona 1992 mchezo wa skeet, wa kupiga sahani zinazorushwa hewani, bado ulikuwa wa mchanganyiko, akawashinda wanaume wote, sahani 223 kati ya 225. Olimpiki iliyofuata, 1996, skeet ikawa ya wanaume tu na ya wanawake haikuwepo. Bingwa hakuwa na mahali pa kutetea taji lake. Mpaka Sydney 2000 ndipo skeet ya wanawake ilipoingia. Baba yako husema huo ndio ushahidi kwamba ukikubali kutengwa, ipo siku watakutenga mpaka nje ya mlango. Nami nilikuwa nikimuunga mkono kwa nguvu zote.

Ila sisi hatutengwi hivyo, na hapo ndipo najipinga. Tunapiga steji zilezile siku zilezile, na jina letu linabaki kwenye orodha ya wote. Kisanduku kinaongeza orodha ya pili, hakifuti ya kwanza. Kosa la ukumbi ule halikuwa la orodha, lilikuwa la mdomo wa mtu na la masikio yaliyocheka.

Na kuna jambo lingine ambalo huwa silitaji nikiwa na hasira. Usiku uleule, tukiwa tunapakia vitu garini, alikuja msichana mmoja aliyekuwa amekuja kumtazama kaka yake. Hakuniuliza habari ya steji wala ya 7.09. Aliuliza kama anaweza kukishika kikombe, na anaanzia wapi. Leo ni afisa wa uwanja, na amewafundisha wasichana kuvaa mkanda na mkoba unaokaa sawa kwenye nyonga zao badala ya ule unaosukuma kitako cha bastola mbavuni, jambo ambalo mimi hakuna aliyenifundisha. Ile nafasi yangu ya tatu, niliyoipenda kuliko kitu chochote mchezoni, isingemleta. Kikombe nilichokichukia kilimleta. Na timu ya wanawake ya kwenda mashindano ya dunia inataka watu wanne, wanahesabiwa watatu bora. Wanne hao watatoka wapi kama kila mmoja wetu amejificha kwenye orodha kuu kwa sababu ya fahari?

Halafu nakumbuka tena kicheko kile, na narudi nilikotoka.

Unaona shida yangu. Nimeanza barua hii nikiwa na jibu, na bado ninalo, liko kwenye ncha ya ulimi. Ningekuwa nakujazia mimi ningeshaweka alama. Lakini kisanduku ni chako, wewe ndiye utakayeitwa na mwenye kipaza sauti, na wewe huna woga wangu wa kujibu watu. Baba yako anasema nisikuambie. Mimi nasema mzazi ana haki ya kusema. Tumebishana siku nzima, na kwa leo ameshinda yeye, kwa shida.

Jambo moja sitalizuia. Mwenye kubuni steji akishatoa michoro, nitumie siku hiyohiyo. Usiikariri kwa macho ya wale warefu wa klabu yenu. Chukua kamba, pima urefu wa macho yako ukiwa umesimama, ukiwa umekunja miguu, na ukiwa umepiga goti, andika namba hizo tatu kwenye daftari la mazoezi. Kila dirisha utakalolikuta, lipime kwa hizo. Na badilisha springi za zile magazini mbili za zamani nilizokupa, zimechoka, hasa ile yenye alama ya rangi nyekundu.

Mama yako