Niliuza mashine yake, nikamwambia imeibwa

Shangazi, Bwana asifiwe. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Ndosho, hapa Goma. Mwaka 2021 volkano ilipolipuka na watu wa Majengo wakaamriwa kuhama, rafiki yangu wa kanisani alipita kwangu akikimbilia Sake, akaniachia mashine yake ya kushona. Baadaye nikasikia yuko Bukavu, kisha kimya. Shule zilipofunguliwa nilikosa minervali, yaani ada ya shule, ya mtoto wa sekondari, nikaiuza kwa dola 80. Aliporudi nilimwambia wezi waliingia usiku. Watu wa parseli, kiwanja tunachoishi pamoja, walisema ni kijana mmoja wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, aliyekuwa mpangaji hapo. Mimi nilinyamaza, naye akahama. Sasa mchungaji amehubiri juu ya kuwa watendaji wa neno, na tangu siku ile sipati usingizi. Nimefunga, nimetubu kwa machozi. Mwezi ujao ni zamu yangu ya likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana pesa kwa zamu, nimewaza nitoe dola 80 kanisani, mambo yaishe. Mungu ataridhika? Na kwaya niache? Mume wangu hajui kitu.
Mama Mwimbaji, Ndosho

Yambo sana, mama.

Usingizi uliokupotea usiuombee urudi haraka. Neno limekuingia, na Yakobo alisema wazi mwisho wa anayesikia asitende: "Lakini iweni watendaji wa neno, wala si wasikiaji tu, hali mkijidanganya nafsi zenu." Wewe umeacha kujidanganya. Hapo ndipo kazi inapoanza.

Nianze na zile dola 80. Usizipeleke kanisani. Si zako za kumtolea Mungu, ni za rafiki yako. Katika Marko 7, Yesu aliwakemea watu waliosema mali fulani ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, kisha wakawanyima wazazi wao msaada waliostahili. Walijifunika kwa sadaka, naye akawaambia wanalitangua neno la Mungu. Mchungaji wako angepokea bahasha yako kwa furaha bila kujua chochote, rafiki yako angeendelea kukosa mashine yake, na wewe ungerudi kulala macho wazi.

Sheria ya Musa ililijua jambo lako kabisa. Soma Walawi 6 mwanzoni: mtu aliyemdanganya mwenzake juu ya kitu alichowekewa amana. Angalia mambo mawili. Kwanza, kosa hilo linaitwa kumkosea Bwana, ingawa aliyeibiwa ni jirani. Pili, mkosaji anarudisha kitu kizima na kuongeza sehemu ya tano, anampa mwenyewe, siku ileile anapoleta sadaka yake ya hatia. Madhabahu na mlango wa jirani vinakwenda pamoja.

Utaniuliza: sisi si tumeokolewa kwa neema? Ndiyo, mama, kwa neema tupu. Zakayo mtoza ushuru aliitwa kwa jina lake, akaambiwa ashuke mtini, kabla hajarudisha hata senti moja. Lakini aliposhuka hakuishia kulia. Alisema nusu ya mali yake anawapa maskini, na kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Machozi yako Mungu ameyaona. Rafiki yako hajayaona, na mashine yake bado haipo.

Sasa hesabu. Usirudishe bei uliyouzia, maana uliuza kwa haraka na kwa hasara yake. Ulizia sokoni mashine kama ile inauzwaje leo. Tuseme ni dola 120: sehemu ya tano ni 24, jumla 144. Najua mji wetu ulivyo tangu benki zilipofunga milango Januari 2025, najua dola inavyotafutwa. Basi peleka pesa yote ya likelemba kama mwanzo, na iliyobaki iandikeni, kiasi gani na kila tarehe ngapi, mbele ya shahidi mmoja. Paulo alipojitwika deni la Onesimo, mtumwa wa Filemoni, aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalilipa. Maandishi hayapunguzi imani.

Mume wako mwambie leo jioni, watoto wakishalala. Atakasirika. Ni afadhali akasirike akiwa amesikia kwako kuliko kusikia kwa watu.

Kwa rafiki yako nenda wewe mwenyewe, usitume mtu, usitumie simu. Usianze na volkano wala minervali, kwa sababu mama yeyote wa Goma atakuonea huruma kabla hujasema kosa, na huruma hiyo utakuwa umeiiba pia. Sema: "Mashine yako haikuibwa. Niliiuza mimi. Nilikudanganya." Kisha nyamaza, umwache aseme. Akipiga kelele, akikufukuza, akikataa kukusamehe, usimfungulie Biblia kumkumbusha kwamba lazima asamehe. Hilo litakuwa kati yake na Mungu. Wewe acha pesa, ondoka kwa heshima, na siku ya malipo mengine urudi.

Sasa nifike pale ambapo barua yako ilipita mbio. Umeandika mistari mingi juu ya mashine, na juu ya kijana wa chukudu maneno machache: nilinyamaza, akahama. Mama, hapo ndipo penye dhambi kubwa kuliko zote katika barua hii. Mashine inauzwa, inanunuliwa nyingine. Jina la kijana anayeishi kwa kubebeshwa mizigo ya watu ndilo mtaji wake. Nani atampakilia magunia ya viazi au makaa mtu aliyetajwa mwizi kwenye parseli yake mwenyewe? Tena mtaani kwetu ukiitwa mwizi unaweza kuuawa na kundi la watu kabla polisi hawajafika. Wewe ulilijua hilo ukanyamaza. Amri ya kutomshuhudia jirani yako uongo unaweza kuivunja bila kufungua mdomo.

Kwa hiyo kumwomba msamaha sirini hakutoshi. Walisikia wengi, na wengi hao lazima wasikie tena. Mwombe kiongozi wa nyumba kumi awakusanye watu wa parseli, wale waliokuwapo na bado wapo, useme mbele yao kwamba kijana yule hakuiba, kwamba hakukuwa na mwizi. Utaona aibu. Watoto wako wanaweza kusikia, majirani watakutazama vingine kwa muda. Yeye amebeba aibu isiyo yake tangu siku ile. Na ukikutana naye, muulize alipoteza nini alipohama: dhamana ya nyumba, wateja, pengine uchumba. Anachokitaja, kiingize kwenye yale maandishi ya deni, hata kama kitakuchukua mwaka mzima kukilipa.

Ushuhuda wa mbele ya kanisa ngoja kwanza. Nimeona watu wakisimama madhabahuni kuungama, wakapigiwa makofi na vigelegele, na aliyedhulumiwa ameketi benchi la nyuma hajarudishiwa kitu. Yesu alisema ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka yako pale, uende kwanza ukapatane naye.

Kwaya usiiache kabisa, lakini Jumapili hii usiimbe. Mwambie kiongozi una safari. Uliza wasukuma chukudu wa Ndosho kijana yule alihamia wapi, wao wanajuana. Jumapili mizigo ni michache, utamkuta nyumbani. Nenda asubuhi, na mume wako akikubali, mwende pamoja.