Kiwanja cha Chanika usikiuze kwanza

Mwanangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unaniuliza, "Shangazi, ni kweli nikisoma lojistiki na ugavi huko Ujerumani kazi inanisubiri mlangoni?" Halafu kwa sauti ya chini unasema unataka kuuza kiwanja cha Chanika alichokuachia marehemu kaka yangu. Hapo kwenye kiwanja ndipo nilipokosa usingizi.

La ada amekwambia kweli huyo wakala wako wa vyuo vya nje. Vyuo vikuu vingi vya serikali huku havitozi ada ya masomo, unalipa mchango wa muhula tu. Jihadhari tu na Baden-Württemberg, jimbo hilo linamtoza mwanafunzi wa kutoka kwetu euro 1,500 kila muhula. Ila hakukwambia habari ya akaunti. Ubalozi unataka uweke benki euro 11,904, zaidi ya shilingi milioni 30, na ukifika unaruhusiwa kutoa euro 992 tu kwa mwezi. Hela ni yako, hailiwi na mtu, lakini chumba changu cha kwanza hapa Hamburg kilimeza karibu nusu ya hela ya mwezi, bado bima ya afya, bado chakula.

Kwa hiyo utafanya kazi. Mwanafunzi anaruhusiwa siku 140 kamili kwa mwaka. Mimi nilibeba boksi, na sisemi kwa mafumbo. Ghala lilikuwa nje ya mji, zamu ya usiku, skana mkononi, inalia kila unapogusa lebo, na ukutani kuna skrini inayoonyesha kila mmoja ametoa vitu vingapi kwa saa. Glovu zilianza kutoboka kwenye ncha za vidole. Asubuhi saa mbili niko darasani.

Na darasani ni kuzuri, sitakuficha. Kuna mchezo mmoja uliobuniwa chuo cha MIT, Marekani, unaitwa mchezo wa bia. Mnakaa wanne: muuza rejareja, muuza jumla, msambazaji na kiwanda. Kila mmoja anamwagiza aliye nyuma yake, hamruhusiwi kuongea. Mteja ananunua kreti nne kila wiki, siku moja anapanda hadi nane, anabaki hapo hapo. Basi. Lakini kila mtu anaogopa kuishiwa, anaagiza na ziada, na mpaka oda ifike kiwandani imekuwa mlima. Mimi nilikuwa kiwanda. Nilipoona mahesabu yangu nikakumbuka maduka ya mtaani kwetu: tetesi tu kwamba sukari itaadimika, kila mwenye duka anataka mifuko kumi badala ya miwili, na sukari inapotea kweli. Siku ile nilijua nimesomea kitu cha kwetu.

Sasa la kazi. Masomo yangu yote yalikuwa ya Kiingereza, na hapo ndipo nilipokosea: nilidhani na kazi itakuwa ya Kiingereza. Nilipomaliza nilipewa miezi 18 ya kutafuta kazi. Kwenye usaili mmoja mzee wa idara ya usafirishaji akaniuliza kwa Kijerumani: lori limefika, dereva hana hati za mzigo, mteja anapiga simu, unafanya nini? Jibu nilikuwa nalo tangu nikiwa karani kwa wakala wa forodha pale Kurasini. Malori ya Tunduma yalishanifundisha. Unalisogeza lori pembeni lisizibe geti, unamtafuta aliyetuma mzigo alete nakala, mteja unampa ukweli na saa mpya. Maneno ndiyo sikuwa nayo. Nilianza Kijerumani, nikaangukia Kiingereza katikati ya sentensi, akanyanyua mkono kwa upole, akanishukuru. Nililia kwenye treni mpaka kituo cha mwisho.

Nikarudi ghalani usiku, darasa la lugha asubuhi, mpaka nikapata B2, kiwango cha nne kati ya sita vya lugha. Kazi ilikuja mwezi wa kumi na nne. Ninafuatilia kontena za wateja kutoka Asia. Meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari iliongezeka siku kumi na zaidi, na kutwa nzima nilikuwa kwenye simu na wateja wenye hasira. Kwa Kijerumani. Kazi hii ni kuongea na watu, mwanangu, kuliko wanavyodhani walio nje.

Kwa hiyo maliza kwanza pale Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Ingia kwa wakala yeyote wa forodha, hata kwa posho ya nauli, ujue mzigo unavyokwama na unavyokwamuka. Jioni uende Goethe-Institut ukaanze Kijerumani. Ada ya mwaka wa kwanza ya lugha nalipa mimi, nitumie namba ya malipo wiki hii. Ukifika B1, kiwango kimoja chini ya hicho changu cha B2, tutakaa na mama yako tuzungumze habari ya akaunti, na hati ya kiwanja mwambie aiweke pale pale alipoiweka baba yako.