Maswali ya Wasomaji: Kwa nini muziki wa klasiki hauonekani kwenye runinga ya umma?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu wa muziki, nakaa Jinja, na kwa miaka mingi nimeimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa. Krismasi moja kituo kimoja cha runinga kilikuja kurekodi kwaya yetu tukiimba Messiah ya Handel. Tulifurahi mno, tukawaarifu ndugu na jamaa siku ya kipindi. Kati ya saa mbili tulizoimba zilionyeshwa dakika chache tu, na ile "Haleluya" yenyewe ilikatwa kabla haijaisha: tulipofika pale ambapo sauti zote hunyamaza kabla ya neno la mwisho, likaingia tangazo la sabuni. Mjukuu wangu wa miaka 10, anayejifunza fidla, aliniuliza, "Jjajja, mbona hamkumaliza?" Nilikosa la kumjibu. Kwa nini runinga ya umma, ambayo ni mali yetu sote, haitupi hata saa moja kwa wiki ya muziki wa klasiki?

JIBU: Mwalimu, pole sana. Maneno yako kuhusu ule ukimya nimeyasoma mara kadhaa, kwa sababu ndani yake mna sehemu kubwa ya jibu unalolitafuta. Kila aliyewahi kuimba wimbo ule anaujua ukimya huo: kwaya imerudia "haleluya" kwa kasi, ngoma na tarumbeta zimepanda, kisha ghafla hakuna sauti yoyote, watu wanavuta pumzi, ndipo neno la mwisho linaimbwa polepole na sauti zote nne kwa pamoja. Fundi aliyeketi kwenye mitambo alisikia kimya, akadhani wimbo umekwisha. Hakuwa na nota mbele yake, wala hakuwa na mtu kando yake wa kumwambia asubiri.

Katika vituo vilivyozoea kazi hii, karibu na mwongozaji wa kamera huketi mtu mwenye kitabu cha nota, anayefuata muziki baa kwa baa (baa ni kipande kifupi cha muziki chenye mapigo kadhaa) na kuwatangulia wapiga picha kwa maneno machache: baa mbili zijazo ni za tarumbeta, jiandae, baada yake fidla za kwanza, kisha uso wa mwongoza kwaya. Ni lazima mtu huyo awe mwanamuziki, na kituo kisicho na kipindi cha kudumu cha muziki wa namna hii hakioni sababu ya kumlipa. Hivyo kile kinachorushwa mara moja kwa mwaka hurushwa vibaya, watazamaji hawavutiwi, na mwaka unaofuata wapangaji wa vipindi husema kwamba watu hawaupendi muziki huo. Mimi naona kwamba hukumu hiyo hutolewa kabla ya shahidi kusikilizwa.

Jambo jingine ni fedha. Kituo kinachojiendesha kwa matangazo ya biashara huuza dakika, na simfoni ya dakika 40 haina mahali pa kuchomeka tangazo bila kuijeruhi. Hata hivyo, nchini Marekani muziki huu uliingia katika runinga kupitia vituo vya biashara. Kati ya mwaka 1948 na 1952, NBC ilirusha matamasha 10 ya okestra yake yenyewe yakiongozwa na Arturo Toscanini, na kuanzia mwaka 1958 hadi 1972 CBS ilionyesha vipindi 53 ambamo Leonard Bernstein aliwaeleza watoto muziki ni kitu gani, okestra ya New York ikiwa nyuma yake tayari kupiga kila mfano aliouhitaji. Vituo vilikuwa vichache wakati huo na wenye navyo walitafuta heshima pamoja na faida. Ushindani ulipozidi, mzigo ukahamia kwa runinga ya umma, PBS, ambayo ilianzisha mfululizo wake wa Great Performances mwaka 1972, na mwaka 1977 ikaonyesha opera moja kwa moja kutoka jumba la Metropolitan, Luciano Pavarotti akiwa mmoja wa waimbaji.

Wanaolalamika kama wewe wapo hata Uingereza. BBC ndiyo inayosimamia Proms, matamasha ya muziki wa klasiki ya kila kiangazi jijini London, tangu mwaka 1927, lakini tangu ilipofungua chaneli ya BBC Four mwaka 2002, mengi kati ya yale yanayoonyeshwa yamekuwa yakipelekwa huko, mbali na chaneli kuu ambayo mtu huikuta bila kuitafuta. Kwa mtoto asiyejua kwamba kitu fulani kipo, chaneli ya pembeni haimsaidii, kwa kuwa hatafungua mlango ambao hajui kwamba upo. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Japani, ambako shirika la umma la NHK, linaloendeshwa kwa ada za kila nyumba yenye runinga, lina okestra inayobeba jina lake na yenye historia iliyoanza mwaka 1926, na matamasha yake yana nafasi ya kudumu katika ratiba. Kule Vienna tamasha la Mwaka Mpya huonyeshwa tangu mwaka 1959, na sasa hurushwa katika nchi zaidi ya 90. Watu wazima na watoto hulingoja kwa sababu wanajua siku yake na saa yake.

Sasa turudi kwetu. Husemwa mara nyingi kwamba muziki huu ni ghali, nami nataka tuangalie ughali huo uko wapi hasa. Sheria ya Uganda ya hakimiliki ya mwaka 2006 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Handel alifariki mwaka 1759, Mozart mwaka 1791, Beethoven mwaka 1827. Tungo zao hazidaiwi senti na mtu yeyote. Kinachouzwa kwa bei kubwa ni rekodi za okestra za kigeni, kwa sababu wapigaji na kampuni zilizorekodi wana haki zao katika kazi hiyo, na ni sawa walipwe. Lakini kwaya ya Jinja ikiimba, haki ya uimbaji ule ni ya wanakwaya wenyewe, na wewe unajua kuliko mimi kwamba wengi wao wangekubali kwa nauli na chakula cha mchana.

Ningekuwa na uwezo wa kupanga vipindi, ningeanzia hapo. Kampala Music School inafundisha fidla, piano na uimbaji tangu mwaka 2001. Makanisa makuu ya Namirembe na Rubaga yana makwaya yanayosoma nota, na bendi za polisi na za jeshi hali kadhalika. Kamera tatu, vipaza sauti vinne vilivyotundikwa mahali panapostahili, na kijana mmoja mpiga piano alipwe aketi na nota kando ya mitambo. Saa moja kwa mwezi, matangazo yakiwa mwanzoni na mwishoni peke yake. Ni muhimu pia watu wa kamera wahudhurie mazoezi walau mara moja, maana anayeusikia wimbo kwa mara ya kwanza siku ya kurekodi hufika kwa kila mpigaji akiwa amechelewa.

SWALI: Mimi ni kijana wa Mbale. Nauliza bila chuki: kwa nini fedha za umma zitumike kuonyesha muziki wa Wazungu waliokufa zamani, ilhali wapiga ngoma na marimba wetu wenyewe hawaonekani isipokuwa wakati wa kumkaribisha mgeni wa serikali?

JIBU: Swali lako ni la haki, ndugu yangu, na nusu yake ya pili naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini sikubali kwamba muziki wa klasiki ni wa Wazungu peke yao. Muziki uliotungwa kwa uangalifu, ukafundishwa kwa miaka mingi na kulindwa kizazi hadi kizazi ulikuwepo Mengo, katika kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda. Huko zilipigwa entenga, ngoma 15 zilizopangwa kwa sauti na kupigwa na watu sita. Jeshi la serikali liliposhambulia kasri mwezi Mei 1966, vyombo vingi viliharibiwa na wapigaji wakatawanyika, na muziki ambao haukuwa na daftari wala rekodi za kutosha ukabaki kwenye vidole vya wazee wachache.

Kaa siku moja karibu na amadinda, marimba ya Kiganda, uone. Vibao 12 vimelazwa juu ya magogo mawili ya mgomba, na wapigaji wanakabiliana. Omunazi, mpigaji wa kwanza, anaanza na sauti zake, akizipiga kwa mwendo usiobadilika. Omwawuzi, anayemwelekea, anaingiza zake katikati, kila pigo likiangukia kwenye nafasi aliyoiacha mwenzake. Kisha omukoonezi, mwenye vibao viwili tu vya mwisho, anaichomoa ndani ya msitu huo wa sauti nyimbo ambayo hakuna mmoja wao aliyekuwa akiipiga. Kamera ikikaa juu ya mikono yao kwa dakika nne bila kuondoka, mtazamaji ataelewa mambo ambayo mimi nashindwa kuyaandika. Kwa kawaida kamera hukaa sekunde tano, kisha ikahamia kwa wacheza ngoma na nguo zao.

Wapo Waganda waliokwisha kuunganisha pande hizi mbili. Joseph Kyagambiddwa alitunga oratorio, yaani utungo mrefu wa kidini wa kwaya kama Messiah, ya Mashahidi wa Uganda kwa misingi ya muziki wa Kiganda, nayo ikaimbwa Roma mwaka 1964, mwaka ambao Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi hao kuwa watakatifu. Justinian Tamusuza, mzaliwa wa mwaka 1951, aliandika muziki wa fidla mbili, viola na selo. Sehemu yake iitwayo Ekitundu Ekisooka ilirekodiwa na Kronos Quartet, kundi la wapigaji wanne wa vyombo hivyo kutoka San Francisco, katika albamu iliyotoka mwaka 1992. Ukiusikiliza unazisikia nyuzi zikipokezana kama omunazi na omwawuzi. Muziki huo umesikika katika kumbi za mbali, nami natamani mtoto wa Mbale auone kwenye runinga ya sebuleni kwao, bila kununua bando. Saa moja ya umma ingetosha kuwaweka Handel, Tamusuza na wapiga amadinda katika kipindi kimoja, na hapo hoja ya nani ni wa kwetu na nani ni wa kigeni ingejadiliwa na watu waliokwisha kusikia pande zote.

SWALI: Niko Arua. Sisi watazamaji tufanye nini, zaidi ya kulalamika?

JIBU: Andikeni barua yenye jambo moja linalotekelezeka. Malalamiko ya jumla huishia kwenye faili. Tajeni kwaya au kundi, ukumbi, tarehe, wimbo na urefu wake kwa dakika. Ambatanisheni idhini ya waimbaji iliyotiwa sahihi. Pelekeni barua miezi mitatu kabla, maana ratiba hupangwa mapema. Na mjitolee kumleta msoma nota wenu wenyewe. Ombeni kwamba wimbo usikatwe. Kipindi kikionyeshwa, andikeni tena kushukuru, watu wengi kadiri iwezekanavyo, kwa kuwa mpangaji wa vipindi anahitaji kitu cha kumwonyesha mkubwa wake. Na kama mnaimba Messiah, waandikieni mafundi kwenye karatasi ya peke yake, kwa dakika na sekunde, mahali penye ule ukimya.