Mnaoniuliza kama nami nije Uholanzi

Maswali yenu ni mengi ila mizizi yake ni miwili. Vijana wa Tanga mjini na Muheza mnauliza: ni kweli ukifika Ulaya ukasema wewe ni shoga unapewa karatasi za kuishi huko? Watu wazima wa kwetu Pangani, mlionijua tangu navaa kanzu ya chuoni, mnauliza: hata kama uko hivyo, kwa nini hukujisitiri, umekwenda kujianika mbele ya dunia? Nitajibu yote mawili, na sitapamba.

Nianze na nyie wakubwa. Kwetu ni ng'ambo ya mto. Unashuka kivuko Bweni, unaelekea kusini na barabara ya vumbi, minazi kushoto, mkonge kulia. Nilijijua mapema, kabla sijajua kwamba jambo hili lina majina. Majina nilifundishwa baadaye, dikoni, na wenzangu tuliokuwa tukisubiri ngalawa pamoja. Nitakuwa mwongo nikisema kijiji kizima kilinitesa. Mnamkumbuka yule mzee mpambaji wa maharusi? Kila mtu alijua, hakuna aliyesema, na hakuna shughuli iliyofana bila yeye. Alipewa sahani yake ya pilau na kanga ya asante. Lakini siku ya Idi alikula peke yake, na alipougua hakuna aliyetaka kulala kwake. Ndiyo sitara mnayonisifia. Nawe usidai kitu, si mwenza, si pole, si mtu wa kukushika mkono.

Kwangu mimi hata hiyo haikutosha. Nilisomewa, nikanyweshwa kombe, mwisho nikaposewa binti wa mjomba. Yule binti hakuwa na kosa lolote. Nilikimbilia Dar es Salaam kwa sababu yake kama kwa sababu yangu, ingawa najua wengine mnasema nilimtia aibu.

Dar nilipata kazi ya uelimishaji rika kwenye kituo cha huduma za VVU. Februari 2017 serikali ikavizuia vituo 40 kutoa huduma hizo kwa watu wa aina yetu na makundi mengine, ikidai vinahamasisha ushoga. Kazi ikaishia hapo. Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa wakati huo, Paul Makonda, akatangaza kamati ya kusaka mashoga na kuwataka wananchi wapeleke majina. Wizara ya Mambo ya Nje ilisema hayo ni maoni yake binafsi, si msimamo wa serikali. Mwenye nyumba wangu hakusubiri wizara. Alinipa siku mbili, na jirani niliyekuwa nikimpelekea mwanawe zahanati ndiye aliyenionya kuwa jina langu limeshapelekwa.

Mtaniambia haya ni mambo ya Wazungu. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kimetoka kwenye sheria waliyotuandikia Waingereza mwaka 1930. Sisi wenyewe tukaikaza mwaka 1998, ikawa kifungo cha maisha, na kisipungue miaka 30. Na hawa Waholanzi mnaodhani wamezaliwa hivi, mpaka 1971 walikuwa na kifungu chao kilichowawekea mashoga umri wa ridhaa tofauti na watu wengine. Ndoa waliihalalisha 2001, wakiwa wa kwanza duniani. Wamefika hapo kwa watu wao kusimama na kusema, tena wengi walifukuzwa makwao kwanza.

Sasa nyie vijana. Karatasi ipo, ila haitolewi mlangoni. Wengi wetu tunaanzia Ter Apel, kituo cha kupokelea waomba hifadhi kilichoko kaskazini, karibu na mpaka wa Ujerumani. Mwaka 2022 watu mamia walilala nje pale kwa kukosa nafasi, hadi Madaktari Wasio na Mipaka wakaingia kutoa huduma. Kisha unahamishwa kambi moja hadi nyingine, unasubiri. Kwenye kambi moja nilipangwa chumba na wanaume waliokuwa wakihama upande wa pili wa meza nikikaa kula. Kumbuka, unaowakimbia nao wamekimbia, na wengine wanazungumza lugha yako. Wakati ule sheria iliruhusu mwomba hifadhi kufanya kazi wiki 24 tu kwa mwaka, mpaka mahakama ilipoubatilisha ukomo huo Novemba 2023. Muda unaobaki unatazama dirisha.

Kisha mahojiano na watu wa uhamiaji. Hawakuulizi ulifanya nini kitandani. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikataza kupokea video na vipimo vya namna hiyo kama ushahidi, kwa kuwa vinavunja utu. Wanakuuliza ulihisi nini ulipojitambua, ulimwambia nani, dini yako uliifanyaje. Sasa mtoto wa Pwani aliyefundishwa tangu utotoni kwamba mambo ya ndani hayasemwi, aanze kumweleza mgeni, saa nzima, jinsi moyo ulivyompasuka akiwa na miaka kumi na tatu! Tena kupitia mkalimani. Wangu alikuwa mtu wa Afrika Mashariki, na kila nilipotaja neno alilitafsiri huku akitazama chini. Nilipomwambia afisa kwamba sentensi yangu imefupishwa, chumba kiligeuka barafu. Akaletwa mwingine. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu ya utetezi ni hiyo: kukaa na wakalimani wa Kiswahili tuyazungumze maneno haya bila matusi na bila haya.

Kwa hiyo nyie mnaoniandikia "kaka, nipe maneno ya kusema", na najua mna wachumba wa kike hapo Ngamiani, jibu ni hapana. Kila anayekuja na hadithi ya kuazima anamfanya anayemfuata asiaminike, na anayemfuata anaweza kuwa mtu ambaye kurudi kwake ni jela.

Nimepata karatasi, ndiyo. Nalea wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nalipa kodi ya nyumba inayomeza nusu ya mshahara, na nina mwenzangu ambaye majirani wanamsalimia kwa jina. Hilo la mwisho sijui kulieleza. Mwanzoni nilikuwa nikiachia mkono wake kila tukikaribia kituo cha basi. Ubaguzi upo, hata kwa mashoga wenzetu. Kuna wasiotaka mtu mweusi, na kuna wanaomtaka kwa sababu ni mweusi tu. Wa pili wananichosha zaidi. Hati ya kusafiria ninayobeba inaruhusu nchi zote isipokuwa Tanzania. Baba yangu mdogo amezikwa, shangazi amezikwa, na mimi nilituma pesa ya sanda.

Sasa kule kujianika. Jumamosi ya kwanza ya Agosti kuna maandamano ya maboti kwenye mifereji ya Amsterdam. Mwaka mmoja nilipanda boti la wakimbizi nikiwa na kanzu na kofia ya kiua, maana ndivyo ninavyovaa sherehe. Video ilifika Pangani kabla boti halijafunga gati. Wiki ile posa ya dada yangu ilirudishwa. Kaka yangu aliacha kwenda dikoni kwa muda. Mama aliulizwa kwenye maulidi, mbele za watu, kama bado ana mtoto Ulaya. Mimi, mwenye sura yenyewe, nilikuwa nakula chipsi na mayonesi kwenye nchi ambayo hakuna wa kunigusa. Hiyo ndiyo hesabu ya kuonekana ambayo watetezi wenzangu wa hapa hawaielewi. Wanadhani ujasiri ni wangu, na gharama pia ni yangu.

Sikuacha kusema. Niliacha kofia, niliacha kutaja kijiji, na siku hizi kabla ya kukubali kamera nampigia dada. Mara nyingine anasema "hii sawa", mara nyingine anasema "subiri kwanza niolewe". Ameolewa mwaka huu, kwa watu wa Muheza wanaojua kila kitu, na shemeji ndiye aliyenipigia mwenyewe kunijulisha mahari.

Mama hajawahi kuniuliza swali lenu. Yeye anauliza kama nakula.

Na wewe kijana mmoja kati ya hao wote, ambaye hukuomba maneno, uliuliza tu kama usiku unapungua urefu: nimekujibu pembeni. Usinitajie jina lako wala mtaa wako. Soma, kisha futa, na picha zile zitoe kwenye simu leo, maana simu ndiyo kitu cha kwanza wanachoomba.