Kuzunguka Pwani na mbwa kwa gari la kulala: jibu kwa ndugu anayeteremka Desemba

Ndugu yangu, umesema una Hiace uliyoitoa viti ukatia kitanda, una mbwa wawili wakubwa aina ya German Shepherd, na Desemba unataka kuteremka kutoka Nairobi hadi Mombasa, uende Diani na Msambweni, kisha upande Malindi na ikiwezekana Lamu. Umeuliza mtalala wapi na kama mbwa wataruhusiwa ufuoni. Mimi na mke wangu tunakaa Kisauni, na kwa miaka kadhaa tumezunguka hivyo hivyo na mbwa wetu, Simba na Tommy. Nitakujibu kwa niliyoyaona.

Kwanza mwezi. Ukiweza kusogeza safari, njoo Agosti au Septemba. Kusi bado inavuma, usiku unalalika hata bila feni, na ufuo una nafasi. Mwani huwa mwingi ukingoni, lakini mbwa huupenda. Desemba kaskazi imeshaingia, joto linapanda mpaka Machi, na ufuo wa umma pale Bamburi, huo tunaouita Pirates, unajaa watoto, maboya na ngamia wa kubebea wageni. Mbwa wa bara ambaye hajawahi kuona ngamia usimpeleke hapo hata ukiwa umemshika kamba.

Joto ndilo litakalokupangia ratiba. Mbwa hatoki jasho kama sisi, hupoza mwili kwa kuhema. Ndani ya gari lililofungwa juani joto hupanda karibu nyuzi 20 kwa nusu saa, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii sana. Kwa hivyo sisi hatuwaachi garini hata tukienda kununua mkate tu, mmoja wetu hubaki nao. Foleni ya Mtwapa tunaipita alfajiri kabla jua halijachomoza. Usiku wa kuamkia safari tunagandisha chupa kubwa za maji, tunazifunga kwa leso kuukuu na kuzilaza sakafuni. Tommy huikumbatia yake kwa miguu ya mbele, akaegemeza kidevu juu, na tukivuka daraja la Kilifi leso imeshalowa chapachapa naye amelala. Feni ndogo ya betri na sola ni lazima. Maji ya kunywa jaza mitungi mapema, kwa sababu visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na mbwa mwenye kiu akinywa maji ya bahari ataharisha usiku kucha humo humo mnamolala.

Kuelekea kusini usihangaike na feri ya Likoni. Msongamano wa watu na magari pale huwatia mbwa kiwewe. Wewe unatoka Nairobi, kwa hivyo shika barabara ya Dongo Kundu kutoka upande wa Miritini, itakutoa Kibundani, ng'ambo ya kusini, bila kuingia kisiwa cha Mombasa kabisa.

Sasa jambo ambalo nakuomba ulitilie maanani kuliko yote. Waislamu wengi wa Pwani hufuata madhehebu ya Shafii, na kwao mate na majimaji ya mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mbwa mkavu akipita karibu na mtu hakuna neno. Kazi ni mbwa aliyetoka baharini akajikung'uta kando ya mtu mwenye kanzu anayekwenda kuswali alasiri. Huyo itabidi arudi nyumbani kujitoharisha, na sala ya jamaa msikitini huenda imempita. Watu hapa ni wapole, wengi hawatakugombeza, lakini usiwafanyie hivyo.

Ndiyo maana tukifika mahali, kabla ya kushusha mbwa, mimi hushuka peke yangu nikasalimie. Msambweni nilimkuta mzee akishona wavu chini ya mkungu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mwatoka wapi?"

Nikamweleza, nikamwambia na mbwa tunao wawili. Aliweka sindano chini, akalitazama gari, kisha akanyoosha mkono kuelekea mivinje iliyokuwa mbali kidogo na madau. "Kaeni pale. Upepo watoka huku wenda kule, maji yao hayatatufikia. Na asubuhi wateremsheni sisi tukishaingia baharini." Tulikaa pale kwa amani, na jioni akatuletea changu wawili wabichi, hataki pesa.

Basi jibu la "tulale wapi" ni hilo. Muulize mzee wa kijiji au ofisi ya BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, wao ndio wanaojua ufuo wao. Mahoteli makubwa mengi hayapokei mbwa. Nyumba ndogo za kukodi zenye ua Diani, Kilifi na Watamu mara nyingine hupokea, ila piga simu kabla na utaje ukubwa wa mbwa wenyewe. Egesha chini ya mkungu, mvinje au mwarobaini, usiegeshe chini ya mnazi wenye nazi. Na gari lisiteremke mchangani. Siku za bamvua tofauti ya maji kupwa na kujaa Mombasa hukaribia mita 4, na ufuo uliouona mpana asubuhi hufunikwa mpaka ukutani.

Maji yakiwa yamekupwa, asubuhi na mapema, ndio wakati wa kuwatembeza, lakini angalia wanachookota. Bunju akitupwa ufuoni, yule samaki anayejivimbisha, ana sumu inayolemaza misuli ya kupumua na haina dawa ya kuiondoa. Wafundishe amri ya "acha" kabla hamjaondoka nyumbani. Usiku wafungwe, kwa sababu kasa hupanda mchangani kutaga na mbwa huyafukua mayai. Mbuga za KWS, shirika la serikali la wanyamapori, zikiwemo za baharini za Watamu na Malindi, msiingie nao, na misitu ya kaya za Wamijikenda ni mahali patakatifu, waache nje. Diani kuna mbega barabarani. Zile ngazi za kamba zilizo juu ya lami ni njia yao, lakini wengine huteremka chini, na mbwa akifungua mbio hapo atagongwa na gari.

Kupe wa Pwani ni wengi mno. Wape mbwa dawa ya kupe kabla ya safari, na kila jioni wapapase masikioni, kwapani na katikati ya vidole. Tulipokuwa Kilifi, Simba aligeuza uso mbele ya bakuli la nyama, jambo ambalo si lake. Nikamfunua mdomo: fizi zimepauka. Daktari wa mifugo alichukua tone la damu, akalitazama kwa hadubini, ikawa homa ya kupe. Alitumia doksisaiklini wiki nne akapona. Fizi zikipauka, mkojo ukiwa wa kahawia, au damu ikitoka puani, usingoje kesho.

Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iwe garini na isiwe imepitwa na muda. Mbwa wa kuzurura ni wengi kwenye fuo na hujui yupi amechanjwa. Mtu akiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mkimbize hospitali akachomwe chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Na mkiona hamu ya kuvuka Lunga Lunga kwenda Tanga, kadi peke yake haitoshi: mtahitaji cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali na kibali cha Tanzania cha kuingiza mnyama, na hivyo vishughulikieni mkiwa bado Nairobi.

Lamu, kwa maoni yangu, iacheni safari hii. Gari linaishia Mokowe, mnavuka kwa boti, na mjini vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba punda wawili hupishana kwa shida, misikiti iko kila upande. Mbwa wawili wakubwa hapo hawana pa kumpisha mtu. Fikeni Malindi, laleni usiku kadhaa upande wa Mambrui ambako ufuo ni mpana na watu ni wachache, kisha mgeuze.