Gari la kulala: anzia uani kabla ya mteremko wa Kitonga

Ndugu yangu, hongera. Umenunua gari la kulala lililotumika, lile lenye vitanda na jiko ndani, uko Mbeya, na Julai unataka kushuka na familia hadi Morogoro, ila hujui uanzie wapi. Anzia uani kwako. Laleni humo siku mbili, mkitumia taa, pampu ya maji na jiko. Utajua betri ya ndani, siyo ile ya injini, inadumu saa ngapi. Mimi usiku wa kwanza nilikuta maji yanadondoka chini ya sinki. Nikakaza klipu inayobana mpira wa maji kwa bisibisi, yakakoma. Harufu ya gesi je? Funga mtungi, mwite fundi.

Kitonga, ule mteremko mkali ukishapita Iringa, usiichezee. Gari hilo ni zito: weka gia ndogo kabla mteremko haujaanza, injini ilishikilie. Ukikanyaga breki mfululizo zinachemka, zinaacha kushika. Fundi azikague kabla hamjaondoka. Matairi nayo, soma tarehe ubavuni: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018.

Na baridi ya huku isikushawishi kulala na jiko la mkaa au la gesi likiwaka. Hewa ya sumu inayotoka kwenye moto huo haina harufu. Vichwa vikianza kuuma, tokeni nje wote, kisha hospitali.