Farasi aliyetoka kwenye mbio
Dada, umeuliza kama umchukue farasi wa miaka 4 aliyeachishwa mbio pale Ngong, uwanja wa mbio za farasi Nairobi, umfundishe mwenyewe. Mchukue, ila si peke yako. Daktari wa mifugo amkague miguu, mgongo na meno kabla hujalipa. Usidhani hajui kitu: farasi wengi wa mbio ukivuta hatamu huegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, na kuzidisha mbio, ndivyo walivyozoeshwa. Mwache malishoni kwanza apoe. Kisha anza ukiwa chini, umtembeze kwa kamba dakika 20 hivi, ukitazama masikio. Yakilala nyuma, ujue hajaridhika; tulia naye. Na kama hujawahi kufundisha farasi, nakusihi tafuta mwalimu kabla ya kumpanda. Wawili mkiwa wageni, mtaumizana.